Kipimo cha Kuchelewa

Asubuhi hapa Masese karakana inanuka grisi na moto wa jana,
nami napaka asali juu ya chuma.
Asali ya Arua, nzito, ya kahawia,
katika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.
Okecho, msimamizi, hachoki kucheka:
"Nakato, utaziitia siafu boriti zangu."
Maji hayafai, Okecho. Mafuta hayafai.
Wimbi hili hutembea likinyonga kiuno, upande kwa upande,
na kitu chepesi hakiwezi kulishika mkono.

Boriti hii iliponyoka kwenye winchi Jumanne.
Ilipinda kama nyusi.
Jumatano wakainyoosha ikiwa baridi, kwa jeki ya tani hamsini.
Alhamisi ikapakwa rangi nyekundu.
Leo ukivuta uzi wa mwashi ncha hadi ncha
uzi haukuti tumbo wala mgongo.
Rula inasema sawa. Jicho linasema sawa.
Lori la kuipeleka darajani, Mto Mpologoma,
limeshaegeshwa langoni; dereva anakula muwa.

Nakwangua rangi, duara la sarafu ya mia tano,
nawatuma pacha.
Wa kwanza anatikisika kufuata urefu wa boriti,
wa pili anatikisika kuukata.
Mlango mmoja, wakati mmoja, njia moja:
wateremke hadi upande wa chini, waguse, warudi.
Kwenye ncha, ambako jeki haikufika,
wanarudi karibu wameshikana;
unywele mmoja tu kati yao, alama ya kuzaliwa
waliyoachiwa na kinu siku chuma kilipotandazwa kingali moto.

Katikati ya boriti, mmoja anarudi.

Kisha mwingine.

Sehemu ya milioni ya sekunde, igawe tena mara ishirini:
ndilo pengo lenyewe.
Kope haijui kufumba upesi hivyo.
Lakini mle ndani chembe zimelala ubavu,
zimevutwa, zimesukumwa, zimerudishwa kwa nguvu
katika umbo ambalo si lao tena,
na kila apitaye lazima aombe njia, moja baada ya moja.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Habari za kumkunjua hawakutuachia.

Okecho anasoma kioo cha mashine, anasoma uso wangu.
"Imenyooka," anasema.
"Imenyooshwa," nasema.
Anaigonga kwa nyundo ndogo, anatega sikio,
nayo inalia vizuri, kama kengele ya shule.
"Mkandarasi nimwambieje? Kwamba asali imekataa?"
Simjibu. Naandika namba zote mbili,
ya ncha na ya katikati, moja chini ya nyingine,
natia sahihi, natia tarehe.
Saa saba lori linaondoka tupu.
Makapi ya muwa yanabaki langoni.

Jioni napiga simu Mbale.
Babirye alinitangulia duniani kwa dakika saba
na tangu hapo hunijibu kabla sijamaliza kuuliza.
Baba alikuwa akisema: swali la mmoja, jibu liko kinywani mwa mwenziwe.

"Hujambo, dada?"

Mtandao ni mzuri. Nasikia kuku wake wakigombania kizingiti,
nasikia sufuria ikiwekwa chini.
Nahesabu bila kutaka.

"Sijambo," anasema.
Na watoto? Hawajambo. Na shemeji?

Kisha: "Hajambo."

Sauti imenyooka ncha hadi ncha,
rangi yake haijakauka.

Asali bado inanata vidoleni, simu inanata kwenye asali.
"Babirye," nasema, "kesho nachukua basi la kwanza.
Usinipikie kitu.
Fungua mlango tu."